Chumvi Haitaki Sauti Kubwa

Chumvi ya duka haina harufu. Unaifungua, nyeupe kama meno ya mtoto, unaitia chunguni, imekwisha. Sina ugomvi nayo. Lakini juzi vijana walifyeka majani ya maji pale ukingoni, chini kidogo ya mahali meli inapofungwa, wakayaanika mpaka yakakauka, wakayatia moto. Moshi wake ukapanda hadi kwangu huku Kindu, upande wa Kasuku. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi nikauweka chini. Mjukuu wangu akauliza, "Koko, unaumwa?" Nikamwambia atwange yeye. Sikuumwa. Nilikuwa nimekaa tena kando ya jiko la mama yangu, moshi uleule unaniingia machoni, na naogopa kukohoa.

Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliobaki. Watoto wa leo wakiuliza habari za zamani wanataka bunduki, na pembe, na nani alimpiga nani. Hayo waulize wanaume. Mimi nilikuwa mtoto wa pwani. Nasema pwani, maana ukingo wa Lualaba ndio pwani tuliyoijua sisi, na hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba iko nyingine ambayo maji yake yana chumvi tayari. Na mama yangu hakujua Kiswahili. Alisema lugha ya watu wa mto. Maneno yake nayaandika jinsi yanavyokaa kichwani mwangu sasa.

Kwetu kulikuwa juu ya Kindu, unapiga kasia kupandisha mto mpaka mikono inakufa ganzi. Kijiji kilikaa juu ya udongo mwekundu uliosimama kama ukuta, na ndani ya ukuta ule ndege keremkeremu walitoboa matundu yao yasiyohesabika. Asubuhi walitoka kwa pamoja, wekundu kama cheche, kelele tupu. Sisi hatukukaa na wenzetu kule juu. Nyumba yetu ilikuwa peke yake, chini, penye mkono wa mto ambao maji yake hayaendi popote na majani yamejaa. Baba alichukuliwa na Wangwana, wale wafanyabiashara wenye bunduki, kubeba pembe, akaenda nazo, hakurudi. Mama akabaki na wasichana wawili, dada yangu Bitondo na mimi, akatulisha kwa kutengeneza chumvi.

Chumvi hiyo inatoka kwenye majani ya maji. Mama aliingia majini mpaka kiunoni akayakata, akayavuta mchangani. Yakikauka yanachomwa. Jivu linawekwa kwenye kikapu kirefu chenye ncha chini, linamwagiwa maji, na maji yanadondoka chunguni yakiwa na rangi ya kahawa. Hayo ndiyo yanayochemshwa, muda mrefu, moto usiolala wala usioruka, mpaka chini kunabaki kitu cha kijivu chenye ukali kidogo ulimini. Watu walitoka mbali ndani ya msitu kukifuata.

Sasa, mtu aliyesimama majini mpaka kiunoni, ameinama, hawezi kuangalia nyuma yake. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa macho. Kabla mama hajaingia majini nilizunguka pwani yote na kurudi kumwambia. Niliijua pwani ile kama unavyojua nyumba ambayo umeifagia. Nilijua njia ya kiboko ndani ya mafunjo, shimo jeusi kama mlango, na kama mavi aliyotawanya kwa mkia yalikuwa ya leo au ya jana. Nilijua mstari wa tumbo la mamba kwenye matope: ukiwa na ukingo mkali amepita sasa hivi, ukiwa umelegea amepita zamani. Korongo akisimama kwenye maji mafupi bila kuinua shingo, mama anaweza kuingia. Mdiria akinyamaza ghafla, asiingie. Fisi maji aliacha maganda ya kaa juu ya jiwe lilelile kila siku, kama mtu mwenye sahani yake. Haya yote nilimletea mama, naye alisikiliza kila neno, na mimi nilijiona mkubwa.

Bitondo alikuwa mkubwa kweli, tayari ana matiti, lakini pwani hakuijua. Maji aliyaogopa. Tena alikuwa na kifua. Moshi wa majani ukimfikia alikohoa mpaka akashika magoti, kwa hiyo alikaa upande wa upepo, akisuka mikeka. Tulipendana kwa kutukanana.

"Miguu yako kama ya kenge," alikuwa akiniambia nikirudi na matope.

"Kenge anakula mayai ya mamba. Weye unakula nini? Upepo?"

"Nakula unacholeta weye. Kwa hiyo kimbia tena."

Ninyi wa mto mnaijua sheria ya chumvi, lakini wa msituni na wa mjini hamuijui, kwa hiyo naiandika. Chumvi ikiwa motoni hapasemwi kwa sauti kubwa. Hapagombwi, hakuna kulia, halitajwi jina la aliyekufa. Chumvi ikisikia ukali inakataa kuganda, inabaki tope, na kazi ya siku zote hizo imepotea. Ndivyo tulivyoamini, na sikumwona mwanamke yeyote wa mto aliyejaribu ili aone kama ni kweli. Mara moja nyoka alipita nyuma ya mama akiwa anakoroga. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayesifu chakula, "Mama, nyoka njo huyu, nyuma ya mguu wako." Naye akajibu kwa sauti hiyohiyo, "Asante, mwanangu," akasogea.

Basi ilikuwa miezi ya maji kupungua. Fungu la mchanga lilikuwa limetoka katikati ya mto, refu, jeupe, limeziba njia ya mitumbwi mikubwa. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye matete, namtazama kenge akichimba, nilipomwona Mulenda akishuka. Mulenda alikuwa mkubwa wa kijiji, mtu wa maneno mengi na mzaha mwingi. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa, merikani, ambayo wakati ule tuliiona kwa nadra. Mama alikuwa kwenye chungu.

"Moto unasemaje, mama watoto?" Mulenda akauliza.

"Moto iko."

"Nimeleta neno la watu wa Kindu."

"Sema pole. Unaona chungu."

"Naona." Akakaa, akauma midomo kidogo, kisha akasema kwa sauti laini kama mafuta: "Binti atakaa kwenye nyumba kubwa. Atavaa nguo kama hii. Wali wanakula kule, mama, kila siku, mpaka wanauchoka."

"Lini?"

"Maji yakipanda. Sasa mtumbwi mkubwa haupiti. Fungu likifunikwa tu, watakuja."

Mama akakoroga. "Niache nifikiri."

"Fikiri. Lakini usifikiri kukataa." Alisema hivyo anatabasamu, kwa upole, akaweka kitambaa juu ya jiwe, akaondoka akitembea taratibu ili asivumishe jivu.

Leo najua alichokileta. Bwana wa kambi ya Kindu alitaka kila jiko la pwani ile litoe msichana mmoja wa kazi, wa kwenda na asiyerudi. Mulenda alikuwa ametoka kuzunguka kijiji kizima na neno hilo, na kule juu wanawake walikuwa wamejitupa chini. Sisi tulikaa peke yetu, hatukusikia kilio cha mtu. Na kwetu alifika chumvi ikiwa motoni. Maneno yale, kama mama angeyajibu kwa ukelele, hata mbuzi angejua ni msiba. Yaliposemwa kwa sauti ya chini, na tabasamu, na kitambaa cheupe juu ya jiwe, mimi nilisikia harusi.

Nilimkimbilia Bitondo kwenye mkeka wake.

"Unaolewa."

Akaacha kusuka. "Nani amesema?"

"Mulenda. Nimesikia mwenyewe. Kindu, nyumba kubwa. Watakuja na mtumbwi maji yakipanda."

"Nani, mume?"

"Jina hakutaja. Wanakula mpaka wanauchoka, amesema."

"Na kule iko maji?"

"Maji iko kila mahali, weye."

Akainamisha kichwa. Hakutaka nione kwamba anacheka. Na mama hatukumwuliza. Msichana wa kwetu anayemtajia mama yake harusi yake mwenyewe huchekwa mpaka uzeeni, wanasema amejichumbia. Mama ndiye wa kusema, siku akitaka. Tukangoja aseme. Bitondo akaanza mkeka mpya, mweusi kwa mweupe, wa kwenda nao. Akanituma nimtafutie ngula kwa wanawake wa juu, ule unga mwekundu wa mti anaopakwa bibi harusi. Nilipowaomba walinitazama vibaya, mmoja akageuka akaingia ndani, na yule aliyenipa alinipa bila kutaka kitu. Nikadhani wanatuonea wivu.

Tangu hapo nikawa nayapenda maji. Nilivuka mpaka fungu la mchanga kwa mtumbwi wetu mdogo, nikalitembea kutoka kichwa mpaka mkia kuona limebaki kiasi gani. Palikuwa na ndege wale ambao mdomo wa chini ni mrefu kuliko wa juu, wanaokata maji kama wanapasua kitambaa. Walitaga mchangani, hawakujenga chochote, kikombe tu cha mchanga, na nilipopita waliniangukia kichwani wakilia. Upande wa juu palikuwa na mawe walipotua ndege wadogo, na penye mwinuko, karibu na gogo lililoletwa na mto, palikuwa na mayai ya mamba chini ya mchanga. Mamba mwenyewe alilala karibu, akilinda. Nilimwona kutoka mbali na sikusogea. Nilijua hapo pia: maji yakifika kwenye gogo lile, fungu limekwisha.

Jioni mama aliuliza, "Maji yako wapi?"

Mwanzoni nilijibu, "Bado yanashuka." Kisha mvua zikaanza huko yalikotoka, maji yakageuka rangi, nikajibu kwa furaha, "Yamefika kwenye mawe ya ndege wadogo." Mkono wa mama ulisimama juu ya chakula. Nilidhani anahesabu atakavyomkosa Bitondo, kama mama wote wanaoozesha. Nilimhurumia. Nikaamua kumpa habari za maji bila kucheka sana.

Siku zile alianza kututazama. Alitutazama tukila, tukichana nywele, tukiteta. Alimtuma Bitondo juu kijijini peke yake, jambo ambalo hakulifanya kamwe, na Bitondo alirudi analia kwa sababu mbwa walimzunguka akashindwa hata kuokota jiwe. Mama hakumgombeza. Mimi aliniuliza swali ambalo nililiona la ajabu.

"Ukikaa na watu usiowajua, utamjuaje mkali?"

Nikajibu bila kufikiri, "Kama mamba. Anayepanua mdomo anajipoza jua tu. Aliyefunga mdomo, ametulia, njo wa kuogopa."

Mama alinitazama muda mrefu. Nikadhani ananisifu. Na kweli alikuwa ananisifu. Ndiyo taabu yenyewe.

Kisha mayai yakaita. Nilikuwa juu ya lile gogo, maji yakiwa yamefika chini yake tayari, nikasikia chini ya mchanga sauti ndogondogo, kama vifaranga vilivyofunikwa na chungu. Mamba akatoka majini. Alipanda mchanga hatua kwa hatua, bila haraka, tumbo limeinuliwa. Nilijibana kwenye gogo, nikaacha kupumua. Akachimba kwa miguu ya mbele. Akainamisha kichwa ndani ya shimo, na alipokiinua, mdomo wake ulikuwa umejaa watoto wake, mikia inatokea kati ya meno. Akaenda nao majini. Akarudi tena, akawatia wengine mdomoni.

Sikumbuki nilivyopiga kasia. Nilimkuta mama anaanika majani.

"Mama, mamba anakula watoto wake."

"Hali. Anawabeba."

"Nimemwona. Amewatia mdomoni, mikia iko nje."

"Anawapeleka majini."

"Kwa meno?"

"Ana kitu kingine cha kubebea?"

Nikamwambia nimeona kwa macho yangu. Akasema, kwa ukali ambao haukuwa wa jambo lile, "Weye unaona sana. Kuelewa bado." Akageuka akaanika jani lilelile mara ya pili. Mimi sikumwamini. Kesho yake nilikwenda kutafuta mabaki nimwonyeshe. Sikupata mahali pa kusimama. Fungu halikuwepo. Gogo lilikuwa limeinuka na kwenda zake, ndege walikuwa wanazunguka juu ya maji matupu wakitafuta mayai yao. Nilisimama kwenye mtumbwi nikaona maji mapana kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, nikarudi mbio kumwambia Bitondo ajitayarishe.

Walifika jua likiwa juu. Tulisikia kwanza wapiga kasia wakiimba, kisha mtumbwi ukaingia kwenye mkono wetu wa mto ukiponda majani. Ndani walikaa wasichana wa juu, wengine niliwajua, wameinamisha vichwa. Nyampara wa kambi, mwanaume wa kanzu iliyochafuka upindoni, aliruka nchi kavu akitafuna muwa. Mulenda alimfuata. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

Bitondo akatoka ndani. Alikuwa amejipaka ngula na mafuta kutoka kwenye paji la uso mpaka miguuni, mwekundu anang'aa, kitambaa cheupe cha Mulenda kiunoni, mkeka mpya kwapani. Alikuwa mzuri. Sijaona bibi harusi mzuri kama yeye, na nimepamba wengi.

Nyampara akatema kapi la muwa. "Kumbe huku wanajua kukaribisha. Huyu amejileta mwenyewe na matandiko yake. Njo huyu, twende."

Bitondo akainamisha macho, akatabasamu, jinsi bibi harusi anavyopaswa.

Mama alikuwa anatoka majini, mikono inachuruzika. Alisimama. "Nani amekupaka?"

"Nimejipaka mwenyewe, mama. Mdogo wangu alisikia..." Akaona haya kumaliza.

"Alisikia nini?"

"Kwamba naolewa."

Mama alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye, kisha kile kitambaa. Siku ile hapakuwa na moto. Hapakuwa na chungu, hapakuwa na jivu, angeweza kupiga ukelele mpaka keremkeremu wakatoka wote kwenye ukuta wao. Alisema kwa sauti ileile ya kando ya chumvi, "Si harusi, mwanangu. Wanachukua mtu wa kazi, na mtu huyo harudi. Ingia ndani ujifute." Hapo ndipo nilipojua sauti ile inaweza kubeba nini.

Kisha mkono wake wenye maji ukanikaa mgongoni. Akamwambia nyampara, "Huyo mkubwa ana kifua. Nakupa huyu."

Mulenda akageuza maneno yake kwa Kingwana, Kiswahili cha Wangwana. Nyampara akacheka. "Huyu? Miguu yake ya ndege. Nimekwisha kuchagua."

"Mwulize anataka mutu wa kazi ao mutu wa kuzika," mama akasema. "Amweke karibu na moto wa jiko lao siku moja tu, ataona."

Bitondo alikuwa ameanza kukohoa. Haikuwa hila, hakuna aliyemwambia akohoe. Ilikuwa hofu, na machozi yaliyompalia. Alikohoa mpaka akashika magoti, na mkeka ukaanguka, na ngula ikachanganyika na mate kidevuni ikawa kama damu. Nyampara akarudi nyuma hatua. Alimtazama Mulenda.

"Ni kweli, bwana," Mulenda akasema. "Kifua chake tunakisikia mpaka kule juu." Katika maneno yote aliyosema mtu yule maishani mwake, hayo ndiyo pekee yaliyotufaa.

"Haya," nyampara akasema. "Mdogo atakua."

Nilifahamu kwamba hakuna harusi, na kwamba maji niliyoyaombea yapande yalikuwa yananijia mimi.

Mama alinishika mkono mpaka ukingoni, akaninawisha matope miguuni, mguu mmoja kisha wa pili, na kati ya vidole. Hakulia. Alisema, "Angalia kule kama unavyoangalia huku. Unachokiona usikiseme mpaka ujue nani anasikiliza." Nyampara akaita. Nilitaka kumwuliza neno moja lakini nilikuwa tayari nimeinuliwa. Mtumbwi ulipogeuka nilimwona Bitondo mlangoni, nusu mwekundu, nusu amefutwa, kitambaa bado kiunoni.

Habari za kambi ya Kindu sizirefushi, wengi wenu mlikuwa humo. Nilitiwa jikoni chini ya Mama Tausi, mwanamke aliyetolewa zamani upande wa Kabambare, mwenye mdomo mpana na mkono mwepesi wa kupiga. Niliangalia. Niliwajua waliopanua midomo na waliofunga. Nilijua nyumba ya kupita mbele na ya kupita nyuma, na saa ya kuonekana na saa ya kutoonekana. Wasichana niliokuja nao mtumbwini, wakubwa kuliko mimi, wengi hawakuuona mwaka wa pili. Mimi nilidumu. Nilimchukia mama kila siku nilipodumu, kwa sababu nilijua anajua kwamba nitadumu.

Maji yalipungua tena na soko la ukingoni likarudi. Mnakumbuka soko lile lilivyokuwa la wanawake, hata wanaume wao wakiuana msituni wao walikuja na vikapu vyao na hakuna aliyewagusa. Nilikuwa nyuma ya Mama Tausi, nimebeba kikapu. Akasimama mbele ya mwanamke mwenye chumvi iliyofungwa kwenye majani.

"Chumvi yako nyeusi kama sufuria," Mama Tausi akamwambia.

"Nyeusi njo yenye ladha," mwanamke akajibu kwa Kingwana kibovu. Alikuwa amejifunza maneno hayo ili afike pale. Alikuwa mama yangu.

"Punguza basi, mama wee, unaniuzia jivu."

"Onja. Onja kwanza."

Mama Tausi akaonja, akakunja uso, akaonja tena, akainama kuchagua. Mama hakunitazama mara moja. Alitazama miguu yangu, mikono, shingo, kama mtu anayekagua chungu kilichotoka safari. Nilisema kwa lugha yetu, chini chini, "Bitondo?"

"Yuko. Anakohoa. Anasuka."

"Mbona mimi?"

Aliendelea kufunga chumvi ya Mama Tausi. Akakaza fundo. "Ningemtoa Bitondo ningekuwa nimemuua," alisema. "Weye nimekupoteza tu."

Mama Tausi akauliza tunasema nini. Nikamwambia mwanamke huyu anasema chumvi yake haichachi. "Chumvi gani inachacha?" akasema Mama Tausi, akacheka, akaniwekea furushi kikapuni, tukaenda. Sikugeuka, maana mlinzi alikuwa nyuma yetu, na nilikuwa nimeambiwa nisiseme ninachokiona. Msimu uliofuata nilimtafuta sokoni, kila soko. Hakuja.

Wazungu walipopigana na Wangwana na kambi ikavunjika, malango yalibaki wazi, nikatoka. Wakati huo nilikuwa na mtoto mgongoni. Nilipandisha mto na wavuvi mpaka kwetu. Nyumba ilikuwa imelala chini, mafunjo yamepita juu yake. Juu kijijini nako nyumba zote zilikuwa zimelala. Mvuvi mmoja alisema watu wa pwani ile walivuka mto kwa hofu ya bunduki, wakaingia ndani, labda njia ya Lubutu, labda kwingine, hakuna aliyewafuata kuona. Nilimwuliza kama kati yao alikuwemo mwanamke wa chumvi na binti mwenye kifua. Akasema wote walikuwa wanakohoa, ilikuwa mvua.

Nimezaa, nimelea, na nimejaribu, nikiwa nimekaa hivi, kuchagua katika wanangu nani ningemtoa. Siwezi. Yeye aliweza, na alichagua sawasawa, na sijamsamehe mpaka leo, na angekuwa hai ningemwosha miguu.

Lakini neno lake moja si la kweli. Mimi sikupotea. Nilikuwa Kindu, mahali ambapo kila mtumbwi unapita, na yeyote angemwonyesha nyumba. Waliopotea ni wao wawili. Kwa hiyo kila mwanamke wa ng'ambo anayeteremsha samaki hapa ukingoni, kabla sijauliza bei, namwuliza jina la mama wa mama yake. Wamenizoea. Wananijibu wakiwa wanapanga samaki, bila kuinua kichwa, na mimi nasikiliza mpaka mwisho.